Saa Inaanza Kuhesabiwa Lini?

Anayejua kugombea ribaundi haanzi kwa kuutazama mpira. Anaanza kwa kumtafuta mpinzani wake, anamwekea mgongo, anapanua miguu, anamsogeza polepole mpaka amtoe chini ya kikapu. Mpira ukigonga chuma na kuruka, nafasi imekwisha kuwa yake. Ni kazi ya nguvu na subira, na watazamaji hawaipigii makofi kama wanavyompigia anayefunga. Katika msimu wa 2021 hadi 2022, mwanafunzi aliyeifanya kuliko wote Marekani alikuwa mzaliwa wa Lubumbashi, Oscar Tshiebwe, akiichezea timu ya Chuo Kikuu cha Kentucky. Alichukua wastani wa ribaundi 15.1 kwa kila mchezo na kufunga pointi 17.4. Msimu ulipokwisha akatangazwa Mchezaji Bora wa Mwaka wa vyuo vikuu vya Marekani.

Tshiebwe alianza na soka, kama watoto wengi hapa Lubumbashi, akaingia kwenye basketi akiwa tayari kijana. Alipita katika kambi ya mafunzo ya Bismack Biyombo, mzaliwa mwenzake wa Lubumbashi aliyecheza NBA, kisha akaenda Marekani kumalizia sekondari, kwanza Virginia na baadaye Pennsylvania. Mwaka 2019 alijiunga na Chuo Kikuu cha West Virginia. Huko alicheza msimu mmoja kamili, na wa pili akaukatiza baada ya michezo 10, akahamia Kentucky. Mpaka mwaka 2023 alikuwa amemaliza miaka minne ya chuo. Kwa hesabu ya kawaida, safari ilikuwa imefika mwisho. Lakini msimu wa korona, wa 2020 hadi 2021, ulifutwa katika hesabu ya kila mwanafunzi aliyecheza, kwa hiyo bado alikuwa na mwaka mmoja mkononi. Hakuutumia. Aliondoka, na Juni 2023 hakuna timu ya NBA iliyomchagua. Akaanzia chini, Indiana na baadaye Utah, akiendelea na kazi ile ile ya kuweka mgongo.

Mwaka ule mmoja, ambao yeye aliuacha mezani, ndio ambao wengine leo wanaupigania mahakamani.

Shirika la NCAA, linalosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani, lina kanuni ambayo kwa maneno ni fupi: katika daraja la kwanza mwanafunzi ana miaka mitano ya kucheza misimu minne. Mwaka wa tano ni wa akiba, kwa anayeumia au anayehitaji kukomaa. Kwa muda mrefu kanuni hiyo haikuwakosesha watu usingizi, kwa sababu mwaka wa ziada ulikuwa mwaka mwingine wa darasa, bweni na chakula cha chuo. Mambo yalibadilika Julai 2021, wanafunzi waliporuhusiwa kuuza jina na sura zao kwa matangazo. Yakabadilika zaidi Juni 2025, Jaji Claudia Wilken wa California alipoidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kila chuo hadi dola milioni 20.5 katika mwaka wa kwanza. Tangu hapo mwaka wa kucheza una bei. Mchezaji ambaye NBA haitamtaka anaweza kupata chuoni fedha ambazo hatazipata tena popote, na akiambiwa miaka yake imekwisha anamwita wakili.

Diego Pavia alimwita. Kijana huyo mrusha mpira, katika mchezo ambao Wamarekani wenyewe huuita futiboli, alikaa miaka miwili katika chuo kidogo cha kijeshi New Mexico, miwili katika chuo kikuu cha jimbo hilo, kisha akaenda Vanderbilt, mjini Nashville. NCAA ilisema miaka ya chuo kidogo inahesabiwa. Desemba 2024 jaji wa Nashville alisema mpaka kesi iishe isihesabiwe. Pavia akarudi uwanjani kwa msimu wa sita, akaifikisha Vanderbilt mahali ambapo haikuwahi kufika, na mwisho wa mwaka 2025 akashika nafasi ya pili katika tuzo kubwa kuliko zote za mchezo huo. Julai 2025 mahakama ya rufaa ya Chicago ilimnyima mchezaji wa Wisconsin, Nyzier Fourqurean, mwaka wa ziada aliokuwa amepewa na mahakama ya chini. Kanuni ikawa moja, na majibu yakafuata mji na jaji. Na kabla ya hao wote alikuwapo Cam McCormick, aliyevunjika mara nyingi kiasi kwamba mwaka 2024 aliichezea Miami akiwa katika msimu wake wa tisa wa chuo.

Miaka minne, mitano, au isiwepo hesabu kabisa? Ndivyo swali linavyoulizwa, na ndivyo linavyokosewa. Mhadhara huu unashikilia kwamba idadi ya miaka ni jambo dogo. Jambo kubwa ni mahali saa inapoanzia. Mpaka wa miaka minne na wa mitano yote inaweza kuwa ya haki, ikiwa wanaokimbia wameanzia kwenye mstari mmoja. Na kwa miaka zaidi ya hamsini, kila NCAA iliposogeza mstari huo, aliyejikuta nyuma yake alikuwa mwanafunzi aliyetoka nje, mara nyingi Mwafrika.

Ushahidi wa kwanza ni timu ya soka ya Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Howard ni chuo cha watu weusi, na kocha wake Lincoln Phillips, mzaliwa wa Trinidad, alikusanya vijana kutoka visiwa vya Karibi na Afrika ambao soka ilikuwa lugha yao ya nyumbani. Desemba 1971 waliifunga Saint Louis 3 kwa 2 mjini Miami na kuchukua ubingwa wa taifa. Chuo cha watu weusi hakikuwahi kuuchukua ubingwa huo kabla yao. Baadaye NCAA ikawanyang'anya. Miongoni mwa sababu ilikuwa kanuni ya wanafunzi wa kigeni: mgeni aliyecheza kwao baada ya kutimiza miaka 19 alipoteza mwaka mmoja wa haki ya kucheza kwa kila mwaka aliocheza. Mmarekani aliyefanya vivyo hivyo kwao hakupoteza kitu.

Howard ilikwenda mahakamani. Mwaka 1973 jaji aliitupa kanuni hiyo kwa kuwa inabagua watu kwa uraia wao, na mwaka 1975 mahakama ya rufaa ya Washington ikakubaliana naye. Kati ya hukumu hizo mbili, vijana wa Phillips walishinda michezo yao yote ya mwaka 1974 na kuchukua ubingwa tena, dhidi ya Saint Louis ile ile, katika mchezo ulioongezwa muda mara nne. Kombe la 1971 halijarudishwa mpaka leo. Dhuluma hiyo inastahili kutajwa kwa jina lake kila linapozungumzwa suala la miaka, kwa sababu vijana wale walishinda uwanjani, wakashinda mahakamani, na bado kitabu cha mabingwa kimewaachia nafasi tupu.

Baada ya soka ikaja riadha. Miaka ya 1970 makocha wa Marekani waligundua Afrika Mashariki. Henry Rono, Mkenya wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81 mwaka 1978. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso kiliwakusanya Wakenya na Watanzania, kikatawala mbio za nyika. Ndiko alikokwenda Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita upande wa Musoma, aliyezaliwa mwaka 1953. Alishinda mbio za mita 10,000 za vyuo vikuu mara nne mfululizo, kuanzia 1979 mpaka 1982, na katikati ya hapo akaenda Moscow mwaka 1980 akarudi na medali ya fedha ya mita 5,000 ya Olimpiki. Aliposhinda mara ya nne alikuwa na miaka 29.

Malalamiko yalikuwa mengi, na si yote yalikuwa ya ubaguzi. Mvulana wa miaka 18 kutoka kijiji cha Kansas aliposimama kwenye mstari mmoja na mtu mzima aliyekwisha kushiriki mashindano ya kimataifa, alikuwa na haki ya kuuliza mashindano haya ni ya nani. Jibu la NCAA, lililoanza kutumika mwaka 1980, lilitungwa kwa akili baada ya funzo la Howard: neno "mgeni" liliondolewa. Sasa mtu yeyote, wa nyumbani au wa nje, aliyeshiriki mashindano rasmi baada ya kutimiza miaka 20 na kabla ya kuingia chuo, alikatwa mwaka kwa mwaka. Mbele ya sheria wote wakawa sawa. Lakini ni Mmarekani gani aliyesubiri mpaka miaka 23 kuingia chuo kwa sababu hakuna aliyejua jina lake? Kanuni ilinyamaza kuhusu Afrika, na bado iliwaangukia Waafrika kuliko wengine.

Hapo pana jambo ambalo mtu wa Lubumbashi analielewa bila kuelezwa, na ambalo wanaoandika kanuni Indianapolis, makao makuu ya NCAA, hawajalionja. Kwao mwaka wa shule una mwanzo na mwisho. Mtoto anaingia Agosti, anatoka Mei. Anayemaliza sekondari ana miaka 18, na akiwa na 19 kuna maelezo. Hapa mambo si hivyo. Kwa karatasi, mtoto wa Kongo anaanza shule ya msingi na miaka sita, anasoma sita, anaongeza miwili, kisha minne ya sekondari, na akiwa na miaka 18 anakaa kwenye mtihani wa Serikali, uliopo tangu mwaka 1967. Kwa maisha halisi, mama wa Katuba, hapa Lubumbashi, anajua kwamba mtoto anaweza kurudishwa nyumbani kwa kukosa minervali, yaani ada ya shule, mwezi wa pili, akarudi mwezi wa nne, akarudia darasa mwaka unaofuata. Shule ya msingi ya umma ilifanywa ya bure mwaka 2019, lakini sekondari inalipiwa. Mwalimu akigoma, mwezi unapotea. Vita ikipita, mwaka mzima unapotea, na watu wa Kivu wanaweza kulisimulia hilo kwa kirefu kuliko mhadhara huu.

Halafu kuna chuo. Wanafunzi wa Kongo wana jina la mwaka wa masomo usioisha: huuita mwaka elastiki, mwaka unaovutika. Unaanza kuchelewa, walimu wanagoma, mitihani inasogezwa, na kinachoitwa mwaka mmoja kinakula mwaka na nusu wa maisha ya kijana. Watu wazima wengi waliopita Kassapa, kwenye kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wana hesabu zao za miaka iliyovutika. Jina hilo limezaliwa kwa wanafunzi wenyewe, na ndani yake kuna ukweli ambao kanuni ya NCAA haina mahali pa kuuandika.

Sasa achukuliwe kijana wa mfano, mrefu, wa Kamalondo au wa komuni ya Kenya hapa hapa Lubumbashi, mwenye diploma ya Serikali aliyoipata akiwa na miaka 20 baada ya kurudia madarasa mawili. Saa yake inaanza lini? Kwa kanuni iliyozoeleka, baada ya kumaliza sekondari ana mwaka mmoja wa nafasi. Ukipita huo naye akaendelea kushiriki mashindano rasmi, kila mwaka unamkata msimu mmoja, na akifika Marekani anakaa nje mwaka mzima kwanza. Na tarehe ya kumaliza sekondari si lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye diploma. Ni tarehe aliyomaliza, au tarehe ambayo angepaswa kumaliza kama angekwenda sawa na wenzake, ile inayotangulia. Madarasa mawili aliyorudia kwa kukosa minervali yanaweza kumla tena, mara ya pili, katika nchi nyingine.

Na mashindano rasmi ni yapi? Watu hudhani ni ligi kubwa, yenye mkataba na televisheni. Maana yake ni pana kuliko hivyo. Mchezo uliopangwa mapema unatosha. Kuwepo kwa mwamuzi, kuhesabu pointi rasmi, kuvaa jezi za timu, kutoza kiingilio, lolote kati ya hayo linaweza kutosha. Jumamosi mchana, uwanja wa saruji wa kartie, timu mbili, moja nyekundu na nyingine nyeupe, mzee mwenye filimbi, mtoto mwenye chaki anayeandika pointi ukutani: hiyo ni burudani ya mtaa kwa kila anayepita, na kwa kitabu cha Indianapolis inaweza kuwa msimu wa mtu.

Kuna mtego mwingine, na huu unauma zaidi kwa sababu unamwadhibu anayependa kusoma. Saa ya miaka mitano inaanza siku mwanafunzi anapojiandikisha kwa masomo ya muda wote katika chuo chochote, mahali popote duniani. Kijana wa mfano akichoka kusubiri, akaenda Kassapa kusoma sheria au madini, saa imeanza kugonga. Mwaka wake ukivutika mpaka miezi 18, inagonga tu. Chuo kisipokuwa na timu ya basketi inayoshindana na yeyote, inagonga. Aliyekaa nyumbani bila kusoma wala kucheza rasmi yuko salama kuliko aliyejiandikisha. Pavia alilalamika kuhusu miaka yake New Mexico, mahakama ikamsikiliza. Msichana Mkenya, Madina Okot, alicheza basketi Chuo Kikuu cha Zetech, karibu na Nairobi, kabla ya kwenda Mississippi State mwaka 2024. Mwaka 2025 alipohamia South Carolina, timu inayojulikana kuliko karibu zote za wanawake, tayari aliandikwa kuwa wa mwaka wa mwisho. Alikuwa ametumia mwaka mmoja tu kwenye viwanja vya Marekani.

Wanaotaka mipaka ikazwe wana hoja, na haifai kuipita kando. Nafasi katika timu ni chache. Timu ya basketi ya chuo ina watu 15 hivi. Mtu wa miaka 25 anayekaa mwaka wa sita amekalia kiti cha mtoto wa miaka 18, na mtoto huyo anaweza naye kuwa maskini, naye anaweza kuwa Mkongo. Mwili wa miaka 25 na mwili wa miaka 18 si mwili mmoja, hasa chini ya kikapu. Tena kuna waliokwisha kuishi kwa mshahara. James Nnaji wa Nigeria alichaguliwa wa 31 na timu za NBA mwaka 2023 na alikuwa amecheza Barcelona. Desemba 2025, katikati ya msimu, akaruhusiwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Baylor, na makocha wengi wakapaza sauti. Haihitaji chuki kwa Mnigeria kuona kwamba hapo neno "mwanafunzi" limevutwa kuliko mwaka wa Kassapa.

Kwa sababu hiyo wapo wanaopendekeza dawa inayoonekana safi: kila mtu apewe miaka mitano ya kucheza, bila misimu ya akiba na bila ruhusa maalumu, na saa ianze anapomaliza sekondari au anapofikisha umri fulani, miaka 19 kwa mfano. Mawakili watakosa kazi, vijana watapata viti. Nusu ya kwanza ya dawa hiyo ni nzuri. Nusu ya pili ni sumu kwa watu wa huku, na kuionyesha inatosha kumtaja Mkongo mmoja.

Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa tarehe 25 Juni 1966. Alifika Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1987 kwa msaada wa masomo, akiwa na miaka 21, akitaka kuwa daktari. Kiingereza alikuwa bado anajifunza. Mwaka wa kwanza hakucheza katika timu. Kocha John Thompson akamwingiza mwaka wa pili, akacheza misimu mitatu. Wa mwisho, 1990 hadi 1991, ulikuwa bora kuliko yote: wastani wa pointi 15 na ribaundi 12. Alihitimu katika isimu na diplomasia, na Denver ya NBA ikamchukua wa nne. Iwekwe sasa saa ya miaka 19. Ingeanza Juni 1985, kabla hata hajaondoka Kinshasa, na miaka mitano ingekwisha kiangazi cha 1990. Msimu ule bora usingekuwepo. Pengine Denver isingemwona, na pengine hospitali aliyoijenga Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, isingesimama pale Masina. Mtu huyo alifariki Septemba 2024, na Wamarekani waliomlilia walikuwa wakimlilia mwanafunzi aliyeingia chuo na miaka 21.

Saa ya umri ina ubaya mwingine: inaipa karatasi ya kuzaliwa thamani isiyostahili kuwa nayo. Sheria ya Kongo inampa mzazi siku 90 kumwandikisha mtoto. Zikipita, anahitaji hukumu ya mahakama ndipo cheti kitolewe, na hukumu ina gharama zake, njia zake na watu wa kuonana nao. Watoto wengi wanapata cheti chao cha kwanza wakiwa vijana, siku inapohitajika pasipoti. Siku hiyo nani anayetaja jina na tarehe ya kuzaliwa? Mara nyingi ni yule anayelipia. Dunia iliona hilo mwaka 2021, mchezaji wa soka wa Stuttgart aliyejulikana kama Silas Wamangituka alipojitokeza na kusema jina lake halisi ni Silas Katompa Mvumpa, na kwamba wakala wake wa zamani alimbadilishia jina na kumpunguzia mwaka mmoja. Alifungiwa miezi mitatu. Biyombo naye, alipochaguliwa wa saba na timu za NBA mwaka 2011, alizungukwa na minong'ono ya umri ambayo mvulana wa Ohio mwenye mwili ule ule asingeisikia. Kanuni ikisema kwamba mwaka mmoja wa umri ni mwaka mmoja wa mshahara, wakala wa aina ile atakuja Katuba kabla ya kocha.

Mashindano ya dunia ya vyuo vikuu, yanayoandaliwa na FISU, yana kikomo cha umri, kilichoshushwa kutoka miaka 28 hadi 25. Kwa wiki mbili za mashindano kikomo hicho kinaeleweka. Chuo si wiki mbili.

Kuna pia suala la fedha, ambalo kwa mgeni limekaa kinyume. Mmarekani anapigania mwaka wa ziada kwa sababu ni mwaka wa mapato. Mwanafunzi wa kigeni aliyeingia kwa viza ya masomo amebanwa asifanye kazi nje ya chuo, na matangazo ni kazi. Tshiebwe aliporudi Kentucky kwa msimu wa 2022 hadi 2023, akiwa ndiye mchezaji bora wa nchi nzima, wenzake wa benchi waliweza kusaini mikataba ya matangazo ambayo yeye hakuweza. Agosti 2022 timu ilikwenda visiwa vya Bahama kucheza michezo ya mazoezi, na hapo, nje ya ardhi ya Marekani, ndipo alipofanya shughuli zake za matangazo, kwa haraka, siku zikihesabiwa. Picha hiyo ni ya kusikitisha: mtu anayeweza kujaza ukumbi wa watu elfu ishirini analazimika kuvuka bahari ili jina lake liwe mali yake. Kwa hiyo kumwambia kijana wa Lubumbashi "tumekuongezea mwaka" si kumpa kile anachopewa mwenzake.

Basi saa ianze wapi? Msimamo wa mhadhara huu ni kwamba ianze siku mwanafunzi anapoingia kwa mara ya kwanza katika chuo kinachoshindana ndani ya NCAA, na iende miaka mitano bila kusimama, kwa Mmarekani na kwa Mkongo, bila ruhusa maalumu ila kwa ujauzito, ugonjwa mzito au vita. Aliyepokea mshahara wa kweli wa mpira akatwe miaka hiyo. Filimbi ya mzee wa kartie si mshahara. Sharti la kubaki liwe masomo: anayefaulu na kusonga mbele kuelekea shahada anakaa, asiyesonga anampisha mwingine. Mtu wa miaka 21 anayeingia kwa mara ya kwanza ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kama alivyokuwa Mutombo. Watakaosema mlango huo utawaingiza watu wazima wasiojali masomo waangalie hilo sharti la mwisho. Mtu wa miaka 24 anayefaulu takwimu na uchumi kila muhula amekuja kusoma, hata kama ana mabega mapana.

Indianapolis iko mbali, na Lubumbashi haipigi kura huko. Lakini yapo yanayowezekana hapa hapa. Shule za sekondari zinaweza kumpa kila mchezaji nakala za bulletini zake, yaani ripoti za alama, za kila mwaka, pamoja na barua inayoeleza kwa nini mwaka fulani ulirudiwa: kwa alama, kwa minervali, kwa mgomo au kwa ugonjwa. Maombi ya ruhusa maalumu huko NCAA hupimwa kwa karatasi, na mtoto asiye na karatasi hana hadithi. Wazazi wanaweza kuwahi siku zile 90. Makocha wa mitaani, ambao ndio wazazi wa pili wa vijana hawa, wanaweza kuandika daftari: nani alicheza, tarehe gani, katika mashindano gani, bila malipo. Na vyuo vyetu vinaweza kumwonya kijana kabla hajatia sahihi.

Kwa sababu sahihi hiyo ndiyo inayoanzisha kila kitu. Kijana wa mfano anapanda basi mpaka Kassapa asubuhi, na diploma yake ndani ya bahasha ya plastiki ili jasho lisiiharibu. Anapanga foleni mbele ya dirisha la uandikishaji nyuma ya watu arobaini. Anajaza fomu ya Kifaransa: jina, jina la baba, jina la mama, mahali alipozaliwa, kitivo anachokitaka. Analipa awamu ya kwanza. Mtu wa dirishani anagonga muhuri, anachana kipande cha chini cha karatasi na kumpa, anaita anayefuata. Kijana anakikunja mara mbili na kukitia mfukoni, anatoka kwenda kutafuta uwanja wa basketi wa kampasi uko upande gani.